Tulishuka ziwani na mizigo ya kuhama

Je, umekwisha kusimama juu ya milima ya Kyondo asubuhi, ukungu ukiondoka, ukaona Ziwa Edward likilala kule chini? Kama bado, nakuomba nifuate leo. Na wewe unayesoma huko machimboni, unayepandisha mifuko ya mchanga kutoka shimoni, naamini utanielewa upesi, kwa kuwa habari yangu ni ya mzigo.

Mji wetu wa Butembo uko juu milimani, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Jioni tunavaa koti. Ziwa liko kwenye mita 900 na kidogo tu, na kule chini joto linakupokea kama mlango wa tanuru. Mahali pale ni ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Uvuvi unaruhusiwa kwa sheria, katika vijiji vya wavuvi: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Karibu na Kyavinyonge ndipo mto Semliki unatoka ziwani, unaelekea kaskazini, unapita mashariki ya Beni mpaka Ziwa Albert.

Mwaka 2011 nilikuwa mchungaji kijana. Vijana wa kanisa wakasema, "Pasta, twende Kyavinyonge tuvue, tupate samaki ya sikukuu yetu." Tukaomba ruhusa, tukapatana na mwenye mtumbwi. Tulikuwa watu saba.

Sasa sikia nilichofunga mimi. Nyavu mbili, ya pili ya akiba. Mfuko wa risasi za kuzamisha nyavu. Bidoni la maji la lita 20. Blanketi tatu, radio kubwa, taa ya petroli, kiti cha kukunja, sufuria kubwa, viatu jozi mbili. Vingi nikavitia ndani ya sanduku la bati. Niliwaza hivi: mtu mwenye akili hujitayarisha. Na kila kijana naye akawaza vilevile, kwa hiyo tukawa watu saba na sufuria saba!

Gari likatufikisha Kyondo. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, basi tukashuka kwa miguu. Mimi nilibeba Biblia na fimbo. Sanduku langu lilibebwa na kijana mmoja wa miaka 17, kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba kuni. Mahali penye utelezi akaanguka. Sanduku likamgonga goti.

Hakulia. Alisema tu, "Pasta, radio haikuvunjika." Maneno yale mpaka leo yananichoma.

Mzee na mfuko wake

Kule chini mzee mmoja mvuvi alitutazama tukifungua vitu. Akauliza, "Pasta, unakuja kuvua ao unahama?" Watu wakacheka. Kisha akatuonyesha mfuko wake mwenyewe, mdogo kama wa mtoto wa shule. Ndani mlikuwa na uzi uliozungushwa kwenye kijiti, ndoano zilizochomekwa katika kipande cha kandambili ya zamani, kisu, chumvi ndani ya kitambaa, na plastiki ya kujifunika mvua. Basi.

Akaniambia, "Kushuka ni bule. Mulima njo itakulipisha."

Tulivua siku mbili, na Mungu alitupa tilapia nyingi na kambare. Lakini siku ya kurudi, goti la yule kijana lilikuwa limevimba. Wawili walimshika mabega. Waliobaki walikuwa wamejaa nyavu zilizolowana, sufuria na blanketi. Nani angebeba samaki? Tuliuza sehemu kubwa kulekule ufukoni kwa bei ya hasara, na sanduku nikaliacha kwa mwenye mtumbwi. Tulishuka kutafuta samaki, tukapanda na sufuria.

Sanduku liliporudishwa Butembo, nilipeleka vitu vyangu kwenye mzani wa muuza maharagwe sokoni. Vitu vyangu peke yangu: kilo 38. Safari ya pili vilikuwa kilo 11, na nilivibeba mwenyewe.

Namna tulivyopunguza

Kwanza, usibebe kitu ambacho ziwa linacho. Risasi ni nzito, lakini mawe yako ufukoni. Chagua ya ukubwa mmoja, yafunge kwa uzi. Maboya kata katika kandambili zilizochakaa. Lakini usikate mti wala mwanzi ndani ya mbuga. Ukihitaji fimbo ya kuvulia, azima kwa mvuvi.

Pili, wavu mmoja mzuri unatosha. Wavu uliolowa una uzito mwingi kuliko ule uliokauka, basi uanike kwenye upepo kabla ya kupanda. Na usidanganywe na chandarua kwa kuwa ni chepesi. Kinazoa watoto wa samaki, sheria inakikataza, na deni lake litalipwa na watoto wako.

Tatu, pimeni pamoja kabla ya kufunga. Andikeni orodha moja kwa kundi zima: sufuria moja, kisu kimoja kikubwa, taa moja. Unga hesabuni kwa siku, kwani mboga mnakwenda kuivua.

Nne, maji. Lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Beba chupa ya njiani tu, na kule chini chemsha maji au tumia dawa ya klori. Usinywe maji ya ziwa hivihivi, kwa maana kipindupindu kinapenda vijiji vya ufukoni.

Tano, fikiri kurudi tangu ukiwa nyumbani. Samaki mbichi ni maji zaidi kuliko nyama. Mpasue, mtie chumvi, mwanike juani, naye atakuwa mwepesi na hataoza njiani. Acha nafasi yake ndani ya mfuko. Ukienda umejaa, utarudi na vilevile ulivyokwenda navyo.

Lakini angalia, ndugu: kuna vitu ambavyo hatupunguzi. Chandarua cha kulalia, dawa, toroshi, na jile ya kuokolea ya kila mtu atakayepanda mtumbwi. Upepo wa ziwa lile hauombi ruhusa. Jile haifiki kilo mbili. Kijana akikuambia ni mzigo, mwache ufukoni achunge moto.

Uzito ambao mwingine anabeba

Wengine watasema, "Pasta, haya ni mambo ya samaki tu." Ndiyo, ni ya samaki. Lakini tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza Beni na kandokando yake, watu wetu wengi wamejifunza kufunga mzigo usiku, bila mzani. Mama mmoja aliyekimbilia kwetu Butembo alinisimulia kwamba alitoka nyumbani na mashine ya kushona kichwani, maana ndiyo iliyowalisha. Mtoto wake wa miaka minne alitembea kando yake. Mtoto alipochoka, mama alisimama katikati ya barabara. Kisha akaiweka mashine chini, akambeba mtoto.

Nilimsikiliza, nikakumbuka sanduku langu la bati. Yeye aliacha chakula chake cha kesho ili mtoto afike. Mimi nilimbebesha mtoto wa mwenzangu radio.

Bwana Yesu alipowatuma wanafunzi wake wawili wawili, Marko anaeleza kwamba aliwaruhusu fimbo, lakini si mkoba. Nilikuwa nimehubiri fungu lile mara nyingi. Nililielewa pale kwenye utelezi wa mlima.

Leo, kabla ya kuelekea ziwani, uliza kwanza habari za njia kwa watu wanaoijua, na kama si salama, kaa nyumbani, samaki hawatahama. Siku njia itakapokuwa nzuri, weka vitu vyako vyote chini sakafuni. Shika kimoja kimoja, ukijiuliza: hiki nitakipandisha mimi mwenyewe, ao ni kijana gani atakayenipandishia?

Yule kijana sasa ni baba wa watoto watatu. Goti lake bado linamsumbua wakati wa mvua. Tukikutana kanisani hunisalimu kwa kicheko, "Pasta, radio iko salama?" Namjibu kwamba niliiuza zamani.