Dogo wa Ifakara na Ubao Uliomkimbia Paje

Wana, ukiona zile video za watu wanateleza baharini Paje na kaiti zao angani, usidhani ni mteremko. Muulizeni dogo mmoja wa Ifakara, jina kapuni.

Dogo alitua Unguja kusaka maisha, akapata kibarua cha kujaza upepo na kubeba kaiti za wageni. Kazi zikiisha, kaka mmoja mkufunzi alikuwa anamwachia vifaa ajifue. Siku hiyo kusi ilikuwa imelegea kinoma. Dogo akajaribu kugeuza, chali. Kaiti ikamburuta kuelekea Bwejuu, ubao ukabaki nyuma, kule upepo unakotokea.

Na ubao wenyewe sio wake. Ukipotea anakatwa mshahara, na hela hiyo alishamuahidi mama yake kule Kibaoni.

Akafanya ambacho wengi wangefanya: akavuta usukani kwa nguvu zote. Kumbe ndio anaharibu. Upepo ukiwa mdogo halafu ukavuta sana, kaiti inakosa hewa, inarudi nyuma, inaanguka. Na ikishalala majini, kuinyanyua ni shughuli. Hapo husaki ubao tena, unasaka namna ya kufika nchi kavu. Kaiti ikaanza kuyumba. Ufukweni washkaji simu juu, wanarekodi na kucheka. Kaka akapaza sauti, "Dogo, achia! Achia kidogo!"

Hilo somo dogo alishalipata nyumbani. Babu yake alikuwa anavusha watu kwa mtumbwi Mto Kilombero, miaka mingi kabla ya lile daraja la mita 384 kufunguliwa 2018. Mto ukijaa, babu haelekezi mtumbwi moja kwa moja anakotaka kufika. Anaupandisha juu kwanza, kisha anaukata mto kimshazari. "Usishindane na maji kifua kwa kifua, mjukuu wangu. Yenyewe hayachoki, utachoka wewe."

Dogo akalegeza usukani, kaiti ikashika hewa. Akaishusha upande mmoja, ila sio chini sana, akawa anaichezesha taratibu isife. Akalala ubavu, mkono mmoja kaunyoosha mbele ndani ya maji kama mkuku wa jahazi. Anakata kushoto, anageuza, anakata kulia, jicho kwenye mnazi mmoja ufukweni asije akapoteza alama. Kila mkato anapanda kidogo tu. Raha ya upepo mdogo ni kwamba na ubao nao haukimbii, unashuka polepole kumfuata.

Akaupata. Lakini ilichukua muda mrefu mpaka waliokuwa wanarekodi wakaboreka, wakazima simu. Ndio maana video ya dogo akipiga chali imezunguka magrupu yote ya WhatsApp, ila ya dogo akiukumbatia ubao wake hakuna aliyenayo.

Haya, wewe ungevuta au ungeachia? Funguka hapo chini.