Nani Ameua Ng'ombe?

Nimekuwa daktari wa mifugo Lubumbashi tangu enzi ya Zaire, na swali nililoulizwa kuliko yote ni hilo: nani ameua ng'ombe? Wachache huuliza ni kitu gani kimemuua. Ng'ombe akianguka, watu hutafuta mtu: mchungaji aliyenyimwa mshahara, jirani mwenye kijicho, mkwe waliyekosana naye kwa ajili ya shamba. Nikiitazama kazi yangu leo, baada ya kustaafu, naona yote ilikuwa kulijibu swali hilo mapema na kwa ushahidi, ili asiye na hatia asipigwe, na ng'ombe waliobaki wasimfuate mwenzao.

Nilikulia Kamalondo, baba yangu akiwa mtu wa reli. Katanga si nchi ya ng'ombe kama Kivu au Ituri. Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, treni kutoka Rhodesia ikafika mwaka huohuo, na mdomo wa mgodi ulihitaji nyama kuliko vijiji vya jirani vilivyoweza kutoa. Sababu iko porini. Msitu wa miombo ni makao ya mbung'o, na mbung'o huingiza nagana katika damu ya ng'ombe: mnyama hukonda taratibu, manyoya husimama, damu hupungua, hata afe akiwa mifupa. Kati ya 1910 na 1912 daktari Jérôme Rodhain na wenzake walipiga kambi Sankisia, karibu na Bukama, kuchunguza mbung'o na vijidudu anavyobeba. Kwa sababu ya mbung'o huyo, mashamba makubwa ya ng'ombe yaliwekwa juu kwenye nyanda za majani za Biano na Kundelungu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako miombo inakoma na upepo ni baridi. Nikiwa mtoto niliona mabehewa yakishusha ng'ombe stesheni, na daima mmoja au wawili walikuwa wamekufa njiani. Watu wazima waliwavuta pembeni bila kuuliza kitu. Mimi nilitaka kujua.

Niliingia chuo kikuu miaka ya 1970, wakati vyuo vyote vya nchi vilikuwa vimeunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA) na tiba ya mifugo ikifundishwa hapa Lubumbashi. Walimu wetu walikuwa wazuri, lakini shule yangu ya pili ilikuwa machinjioni. Huko alfajiri tulijifunza kulipapasa ini kwa vidole na kulikata mahali mirija ya nyongo iliponenepa, minyoo bapa ikatoka. Tulipasua misuli ya shavu kutafuta malengelenge ya tegu, na mitoki ya mapafu kutafuta usaha mkavu wa kifua kikuu. Siku moja mkaguzi mzee alinishika mkono akauingiza ndani ya mfuko wa moyo wa fahali aliyekuwa amekonda bila sababu iliyojulikana. Nilitoa kipande cha waya. Ng'ombe hachambui anachokula. Waya humezwa na majani, hutua katika tumbo la pili, na tumbo likikaza husukumwa mbele mpaka moyoni. Kabla ya hapo, mwenye fahali alikuwa ametumia fedha nyingi kwa waganga.

Kesi iliyonifunza zaidi ilitokea kwenye shamba moja upande wa barabara ya Kasenga. Mfanyabiashara wa mjini alikuwa amenunua ng'ombe wa maziwa Afrika Kusini, wakubwa, weusi kwa weupe, waliolelewa mahali pasipo na kupe. Wiki ya tatu mmoja alianza kunyanyua miguu juu mno akitembea, akatafuna mdomo ukiwa mtupu, akazunguka, akaanguka ubavu akipiga mateke hewani. Alikufa usiku. Kesho yake wa pili akaanza. Mwenye shamba alikuwa tayari amemfunga mchungaji wake ghalani na ametuma mtu kwenda kuita polisi. Kwake ilikuwa wazi kwamba hiyo ni sumu.

Nilimkuta mchungaji amekaa chini, uso umevimba. "Papa dokta," aliniambia, "mi sikuiwekea kitu. Niliikuta tu inazunguka-zunguka."

Nikamwambia tajiri: "Patron, nipe saa mbili kabla ya polisi. Na ng'ombe huyu asizikwe."

Kwanza nilimpapasa mfu kwapani na kwenye kiwele. Kupe walikuwepo, wale wakubwa ambao dume lake lina mgongo wenye rangi za kung'aa, Amblyomma. Kisha nikafungua kifua. Mfuko wa moyo ulikuwa umejaa maji ya rangi ya majani makavu, na baada ya kukaa hewani kidogo yakaanza kuganda. Mapafu yalikuwa mazito, koo lina povu. Hayo yalinielekeza, lakini hayakutosha kumfungua mtu kamba. Tulikata fuvu, nikachukua ubongo wa kijivu kiasi cha kichwa cha kiberiti, nikauponda kati ya vioo viwili na kuvivuta vipishane ili utando ubaki mwembamba. Nikaukausha, nikaukaza kwa methanoli, nikauzamisha katika rangi ya Giemsa nusu saa, nikausuuza. Hadubini niliiweka mezani kwa tajiri mwenyewe, kioo chake kikielekea jua. Ndani ya kuta za mishipa midogo kabisa ya damu kulikuwa na vifungu vya chembe za zambarau, zimesongamana kando ya kiini cha seli. Ni vijidudu alivyovitambua mtafiti Edmund Cowdry mwaka 1925, ambavyo leo huitwa Ehrlichia ruminantium. Ugonjwa ni maji ya moyo, na aliyeuleta ni kupe.

Nilimwita mwenye shamba aweke jicho. Nikamwita na mchungaji, naye aweke. Nilitaka waone kitu kimoja, kwa hadubini moja, mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe wa pili alikuwa bado anasimama. Tulimpiga dawa ya oksitetrasaiklini mapema, akapona. Waliobaki tuliwapima joto asubuhi na jioni, na kila aliyepandisha homa alichomwa sindano siku hiyohiyo. Mchungaji alirudi kazini.

Tajiri aliniuliza jambo la haki: mbona ng'ombe wa wanakijiji, waliojaa kupe wale wale, hawafi? Jibu ndilo msingi wa ufugaji wote wa Katanga. Ndama akiumwa na kupe mwenye maji ya moyo katika wiki zake za kwanza, mwili wake mara nyingi hustahimili, na akikua anakuwa na kinga. Mgeni aliyekulia pasipo na kupe anakutana na ugonjwa akiwa mkubwa, akiwa na mimba au maziwa mengi, na anaanguka. Uzuri wake haumsaidii kitu. Kwa hiyo mahali ng'ombe alikotoka ni dalili kubwa kama homa yake.

Miaka ya 1980 nilipelekwa Kivu, kwenye malisho ya Masisi, nikaliona jambo hilohilo kwa sura nyingine. Kule muuaji wa ndama ni ndigana kali, anayebebwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba, ndama hukohoa, na akifa povu jeupe hujaa puani na ndani ya koo. Ugonjwa huu umetembea na ng'ombe waliouzwa. Baada ya sotoka, tauni ya ng'ombe, kufagia mifugo ya Afrika miaka ya 1890, Rhodesia ilinunua ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki kujaza maboma yaliyobaki matupu, na kufikia 1902 ndigana kali ilikuwa ikiua maelfu kusini, mahali ambapo haikujulikana kabla. Walikusudia kurudisha mali wakaleta kifo kipya. Nimeisimulia habari hiyo kwa kila mnunuzi aliyekuja kuniuliza juu ya ng'ombe wa nje.

Niliporudi Lubumbashi, niliukuta mkono wa sindano umekuwa mwepesi kuliko jicho. Ng'ombe ana homa, achomwe. Dawa ni ile iliyopo. Hapa ndipo nilipopambana zaidi. Kupe wa bluu hubeba magonjwa mawili yanayofanana mwanzoni. Katika babesia, chembe nyekundu za damu hupasuka ndani ya mishipa na mkojo hutoka mwekundu kama chai ya rangi. Katika ndigana baridi, mkojo hauna damu. Ufizi na macho huwa manjano, kinyesi hukauka, na ukimfungua mfu, kibofu cha nyongo kimevimba na nyongo ni nzito, ya kijani iliyokolea. Oksitetrasaiklini husaidia huyu wa pili. Babesia inadai dawa nyingine. Aliyechoma bila kutazama mkojo amepoteza siku mbili, na mnyama hana siku mbili.

Miaka ya 1990 ilitubana. Uporaji ulipita, kampuni ya migodi Gécamines ikadhoofika, mishahara ikakatika, na mashamba mengi yakabaki bila dawa ya josho. Josho likisimama, kupe hurudi msimu mmoja wa mvua. Dawa ziliuzwa chini juani, chupa hazina karatasi. Tuliendelea na tulichokuwa nacho: kisu, vioo tulivyoosha na kuvitumia tena, kipimajoto, na jua badala ya umeme. Hapo niliwafunza wachungaji wenyewe kusoma mfu. Mchungaji asiyejua kuandika jina lake anaweza kujua wengu mkubwa, maji kwenye moyo, povu kooni. Na akinieleza vizuri kwa maneno yake, nusu ya kazi imekwisha.

Lakini ipo maiti isiyofunguliwa kamwe, na hili nililisema kwa ukali. Ng'ombe aliyekuwa mzima jana, leo amekufa ghafla, tumbo limevimba upesi, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma: hapo kuna kimeta. Ukipasua, vijidudu vikikutana na hewa hujifunga kuwa mbegu zinazokaa udongoni miaka mingi, zikingoja ng'ombe wa kizazi kijacho. Tulichukua tone la damu kwenye sikio, basi, kisha shimo refu na chokaa. Nimesimama kati ya maiti na familia yenye njaa iliyokwisha kunoa visu, mama akinilaumu kwamba nawanyima watoto nyama. Nilimwambia: "Mama, nyama hii itawazika." Aprili 2025, viboko wasiopungua 50 walipokufa kwa kimeta katika hifadhi ya Virunga, vijana wangu wa zamani walinipigia simu kusema kwamba sasa wameelewa.

Siku hizi nikizunguka kando ya mji, upande wa Ruashi na Annexe, naona ng'ombe wakila kwenye majalala. Mwisho wa 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini matumboni mwao bado ipo, imesokotana na kamba, na mnyama hufa njaa akiwa ameshiba takataka. Hapo tunaweza kusema kweli kwamba aliyeua ni mtu, na mtu huyo ni sisi sote tunaotupa.

Nakataa maneno ya kwamba ng'ombe hufa tu. Sotoka iliyotisha bara zima ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufikia hapo, kwa sababu watu walikubali kuripoti kila kifo, kukipima na kuchanja. Maji ya moyo na ndigana havijafika huko, ila vinazuilika shamba kwa shamba. Ninawaambia madaktari vijana wa kitivo chetu: ulizeni ng'ombe alitoka wapi na amekaa hapa muda gani, pimeni joto kabla ya kufungua chupa, vitazameni vioo siku ileile, na andikeni sababu ya kifo kwenye karatasi, mmpe mwenye mali mbele ya wachungaji wake. Karatasi hiyo humwonyesha cha kufanya kesho, na humwachia mchungaji wake jina safi.