Misuli ikibana, msikimbilie chupa ya maji tu

Wadau, kwenye mabonanza yetu ya Jumapili ni yale yale: kipindi cha pili mtu anaanguka kashika kigimbi, uwanja mzima unapiga kelele, "Mpeni maji!"

Maji ni muhimu, hasa kwa joto la Dar, ila sidhani kama ndiyo jibu. Mwaka 1997 Martin Schwellnus wa Afrika Kusini na wenzake walieleza kwamba misuli ikichoka sana, mishipa ya fahamu huizidishia amri ya kukaza na kuipunguzia ya kulegea. Mwaka 2011 wakawapima washiriki 210 wa Ironman: waliobanwa misuli hawakuwa wamepungukiwa maji kuliko wenzao, ila walikuwa na kasi zaidi.

Tena maji kupita kiasi yanashusha chumvi kwenye damu. Mwaka 2002 mkimbiaji mmoja wa Boston Marathon alifariki kwa kunywa kupita kiasi.

Kwa hiyo mtu akianguka, mnyoosheni mguu, vuteni vidole taratibu kuelekea gotini mpaka misuli ilegee. Halafu jamani, tukimbie hata mara mbili katikati ya wiki. Huwezi kukaa kwenye kiti siku tano, Jumapili ukadai dakika 90.