Zuhura, Usilipe Kwanza

Utende, Mafia

Kwa mpwa wangu Zuhura,



Ratiba yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Nimefurahi kwamba umehitimu na umepata cheti cha kuzamia mita 18. Nimefurahi zaidi kwamba umeniuliza kabla hujatoa fedha. Umeomba likizo ya siku saba mwezi wa Julai: nusu yake uje kwetu Mafia uone papa potwe, nusu uende Pemba, na Jumapili ya mwisho uzamie asubuhi kisha alasiri upande ndege kurudi Dar es Salaam. Ratiba hiyo nakuomba uivunje yote, mwanangu, kwa kuwa umeipanga kwa kalenda ya ofisini. Bahari yetu hupangiwa kwa pepo na kwa mwezi mwandamo.

Julai ni kusi tupu. Upepo unapiga upande wa mashariki wa visiwa hivi, mawimbi yanavunjika juu ya miamba ya nje, na boti za wazamiaji hubaki ndani ya Ghuba ya Chole. Kuzamia bado kupo, lakini ule ukuta wa nje ya ghuba unaouona kwenye picha hutaufikia. Na hao papa potwe hutawakuta. Wao hukaribia pwani ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi hivi, wakifuata uduvi na vijidudu vya majini. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa sauti wamegundua kwamba wengi hawahami mbali, ila miezi mingine husogea kwenye maji ya kina ambako hawaonekani. Ukija wakati wao, huhitaji mtungi: miwani, bomba la kupumulia na mapezi vinatosha. Usiwaguse, wala usiwakatie njia.

Kwa hiyo sogeza likizo mpaka mwisho wa Oktoba au Novemba. Hiyo ni tangambili, kusi imelegea na kaskazi haijashika. Mvua za vuli zitakulowesha kidogo, lakini bahari huwa laini.

Ukishachagua mwezi wa kuja, tazama maji. Mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofunguka kwenye bahari kuu, ndipo chewa wakubwa walipo, na makundi ya samaki yanayokuzunguka pande zote. Pale huzamiwa maji yanapojaa, kwa sababu ndipo maji safi ya nje huingia ndani. Yakianza kupwa, yanatoka na tope la ghuba, na mzamiaji anaweza kutolewa nayo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mkondo wa pale si wa mtu mwenye cheti kipya. Chagua juma la maji mafu, karibu na tarehe saba au ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu. Mabaharia wetu wamehesabu hivyo tangu zamani, na hesabu hiyo haijaharibika.

Pemba iache kwa sasa. Najua inakuvuta, na una haki, maana sijaona maji mazuri kuliko yale ya Misali na Njao. Lakini Mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita, mahali pengine hadi mita 800 hivi, na kuta zake zina mikondo inayoweza kumvuta mtu chini asijue. Kamilisha kwanza mafunzo ya mita 30, jizoeze kuzamia na mkondo, ndipo uende. Tena kuhama kisiwa hadi kisiwa kunakula siku, na ndege zetu ndogo hazipendi mizigo: kilo 15 hivi, katika begi laini. Chukua miwani yako na kompyuta ya kuzamia. Mitungi na mikanda ya risasi utaikuta huku.

Sasa hili la Jumapili ndilo lililoninyima usingizi. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukiwa mita 20 unabeba mara tatu ya ule wa nchi kavu, na naitrojeni unayovuta inayeyuka ndani ya damu na nyama zako. Ukipanda polepole inatoka kwa pumzi. Ukipanda kwa haraka, au ukaruka angani ingali imejaa mwilini, inageuka mapovu, na mapovu hayo hukaa kwenye viungo na uti wa mgongo. Huko Unguja na Pemba wapo vijana waliozamia majongoo kwa mitungi, bila mafunzo wala saa, wakapanda juu kwa pupa, na leo hawatembei. Wengine familia zao zilidhani ni mashetani ya bahari.

Basi simama dakika tatu kwenye mita 5 kila unapopanda, na siku nzima kabla ya ndege usizamie kabisa, saa 24. Siku hiyo nenda Chole ukaone magofu na popo, au ulale. Tena ongeza siku nyingine moja isiyo na kazi, kwa ajili ya upepo. Boti ikishindwa kutoka Jumanne, usimbane nahodha eti likizo yako inakwisha.

Kabla ya kulipa, piga simu uwaulize wenye boti: je, mna oksijeni botini, na nani anajua kuitumia? Majina ya wazamiaji yanaandikwa wanaposhuka na wanapopanda? Anabaki nani juu akifuata mapovu? Chumba cha mgandamizo cha karibu kiko wapi, na kinafanya kazi mwezi huu? Anayekasirika kuulizwa, mwache. Bima nayo isome vizuri, maana nyingi za safari hazigusi kuzamia. Na yule rafiki yako asiye na cheti asishawishiwe na mtu yeyote kukufuata nje ya ghuba. Azamie na mwalimu, kwenye maji mafupi. Mwenye mafua asizamie hata kidogo, masikio hayasamehe.

Nitumie tarehe mpya kabla ya Ijumaa, nizilinganishe na mwezi. Mpaka nikujibu, usimlipe mtu.

Mjomba wako akupendaye