Mali Iliyomo Katika Kifusi

Nyumba ikibomolewa, watu wengi huona mwisho wake. Wachache ndio waonao kuwa ni ghala lililofunguliwa. Tangu kale binadamu amezaa jengo jipya katika jengo kuukuu. Mawe yaliyofunika piramidi za Misri yalichukuliwa kujengea Cairo, na baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1349, mawe mengi ya Colosseum yaliyoanguka yalihamia katika majengo mengine ya Roma. Jiwe lililokwisha kuchongwa humwondolea mtu taabu ya kuchonga jingine.

Neno hili nililishuhudia Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, nyumba ya shangazi yangu ilipopasuka kuta ikawa hatari kulala ndani yake. Shangazi ni mjane, na akiba yake haikufika nusu ya gharama ya nyumba mpya. Mkandarasi mmoja alitaka kuiangusha kwa mashine siku moja, kisha kifusi akimwage kwenye mikoko kando ya maji. Fundi mmoja mzee wa mtaani aliomba majuma matatu, vibarua wanne, mitaimbo na tindo. Ndugu zangu walipenda upesi. Shangazi aliuliza swali moja tu: "Nikisha kulipa siku hiyo moja, wanangu, nitabakiwa na nini?" Hapakuwa na jibu, na kazi akapewa mzee.

Ubomoaji wake ulikuwa ujenzi uliorudishwa nyuma. Kilichowekwa mwisho kilitangulia kutoka: mabati, boriti, milango pamoja na miimo yake, kisha mawe, safu baada ya safu, hata msingi. Misumari iling'olewa ikanyoshwa. Boriti zilizoliwa na mchwa zikawa kuni, na zilizo nzima zikawekwa kivulini. Mawe ya matumbawe yaligongwa kidogo, chokaa ikapukutika, yakawa tayari kujengewa tena. Vipande vidogo vilishindiliwa chini ya sakafu mpya.

Ukuta mmoja tu ulitushinda. Ulikuwa umeongezwa baadaye kwa saruji, na kila tulipogonga, jiwe lilivunjika na saruji ikabaki. Sababu yake si siri. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo hulishika bila kulinyang'anya uhuru wake. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, na haliachi ila kwa kuliua. Silaumu saruji, kwani maghorofa na madaraja huitegemea. Hata zege kuukuu lina faida: husagwa likawa kokoto ya kutandika barabara, na nondo zake huyeyushwa zikafuliwa upya. Lakini chokaa na saruji zote mbili hutokana na mawe yaliyochomwa, na tanuri la saruji hufikia nyuzi 1,450 za Selsiasi. Viwanda vya saruji duniani hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za binadamu. Basi kila tofali litupwalo hutupwa pamoja na moto uliotumika, na kitakachoshika nafasi yake hudai moto mwingine.

Hata hivyo, si kila kitu chafaa kurudi kazini. Mapaa ya asbesto yakivunjwa hutoa vumbi liletalo maradhi ya mapafu; hayo hayaguswi ila na wajuzi. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na nondo iliyoliwa na kutu haistahili kubebeshwa dari juu ya watoto. Wala magofu ya wahenga, kama yale ya Gedi, si machimbo ya mawe. Kuweka akiba bila kupambanua ni hasara iliyovaa nguo za busara.

Shangazi alipata vyumba viwili badala ya vinne vya awali, lakini hakukopa hata senti. Mwaka 2022 Kenya ilitunga sheria ya usimamizi endelevu wa taka, nayo ni njema. Lakini sheria yaweza kumzuia mtu kumwaga kifusi mikokoni. Kuiona mali iliyomo ndani yake ni kazi ya akili iliyofunzwa. Vijana mtakaokuwa waashi na wahandisi, jengeni mkimkumbuka yule atakayebomoa, kwani huenda akawa mjane asiye na akiba nyingine ila kuta zenu.