Wageni wa gofu na vyumba viwili vya Kikula

LIKASI – Ukitaja safari ya kucheza gofu, watu hufikiria Nairobi au Afrika Kusini. Haut-Katanga haimo katika hesabu hiyo, na Likasi ndiyo kabisa. Hata hivyo Lubumbashi, makao makuu ya jimbo, kuna kiwanja cha gofu karibu na ziwa na hoteli ya Karavia, na mtaa mzima umechukua jina lake. Mwambie mwenye teksi akupeleke Golf, swali lake litakuwa moja tu: Golf ipi?

Mwezi wa Mei dereva mmoja wa Kikula, mwenye gari dogo la abiria linalokwenda Lubumbashi na kurudi, alipokea ujumbe mrefu wa mjomba wake. Mjomba anaishi Lubumbashi, anafanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu kwenye forodha, na miaka mitatu hii ameshikwa na gofu kama wengine wanavyoshikwa na TP Mazembe. Marafiki zake watatu wa Kinshasa, waliozoea kucheza Gombe, wanataka kuja Julai. Watacheza Ijumaa na Jumamosi Lubumbashi. Jumapili watakuja Likasi, watalala usiku mmoja, Jumatatu watarudi. Mpwa apange gari, barabara, chakula, mahali pa kulala, na kitu cha kuwaonyesha.

Mpwa hajashika fimbo ya gofu maisha yake yote. Lakini barabara anaijua kuliko wachezaji wote wanne, na alianza kuandika kwenye daftari la mtoto wake.

Aliandika kwanza habari ya saa. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, na mgeni asiyegeuza saa yake atafika kiwanjani wenzake wakiwa wameshaanza. Mchezo wa mashimo 18 unakula saa nne na zaidi, kwa miguu. Kwa hiyo unaanza asubuhi.

Julai ilikuwa chaguo la mjomba mwenyewe, na ni chaguo zuri. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua inanyesha karibu kila alasiri, na radi za Katanga si za kuchezea ukiwa umesimama mahali pa wazi na fimbo ya chuma mkononi. Julai hakuna mvua. Kuna baridi ya asubuhi ambayo watu wa Kinshasa hawaijui, na mpwa aliandika kwa herufi kubwa: WALETE MASWETA. Kuna pia jambo ambalo mjomba alimweleza kwa furaha nyingi: Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unaruka mbali kuliko kule Kinshasa. Wageni watajiona mabingwa siku ya kwanza. Siku ya pili watakuwa wanatafuta mipira yao majanini.

Barabara ni kama kilometa 120, lami, Barabara ya Taifa namba 1. Kwa saa mbili unafika, ikiwa malori yamekubali. Hayo ndiyo malori ya shaba na kobalti yanayoshuka kutoka Kolwezi kwenda mpaka wa Kasumbalesa, na mengine yanapanda na asidi na mafuta. Lori moja likiharibika kwenye mlima, foleni inakula nusu siku. Usiku mengine hayana taa za nyuma. Mpwa aliandika: kutoka Lubumbashi alfajiri, kutotembea usiku hata mjomba akikasirika.

Kitu cha kuonyesha hakikuwa kigumu. Mmoja wa wageni alikuwa ameona ile filamu ya mwaka 2016 kuhusu wanajeshi wa Ireland waliozingirwa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati ule, Septemba 1961. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, kwa hiyo vilima alivyoviona si vya hapa, lakini mto Lufira ni wa kweli. Wenzao waliotumwa kutoka Elisabethville kwenda kuwaokoa walizuiwa pale darajani. Gari litasimama, wapige picha, waendelee. Kisha ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha, kama muda utaruhusu. Mgeni mwingine aliomba Shinkolobwe, mahali ilikotoka uraniamu ya bomu la Hiroshima. Hilo mpwa alilifuta bila kumuuliza mtu. Mgodi ule umefungwa, kuingia ni marufuku, na dereva ndiye anayekamatwa wa kwanza.

Ilibaki mahali pa kulala.

Mjomba alikuwa ameshaamua. Ana nyumba yake Kikula, aliyoijenga kwa jasho lake, vyumba vinne na sebule. Ndani anaishi mama yake, ambaye nyumba nzima wanamwita Nkambo, pamoja na mpwa, mke wake na watoto. Vyumba viwili vya nyuma vina watu wengine. Ni mama mmoja na watoto wanne, jamaa wa mbali wa marehemu mume wa Nkambo, waliofika mwaka 2013 wakati Bakata Katanga walipokuwa wakichoma vijiji vya upande wa Mitwaba. Walikuja na sufuria moja na baiskeli isiyokuwa na mnyororo. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile sasa anasoma sekondari, na jirani bado wanawaita "ba Mitwaba", kama vile wamefika jana.

Ujumbe wa mjomba ulisema: wale wa nyuma wapishe siku mbili, vyumba vipigwe rangi, vinunuliwe vitanda viwili.

Inafaa kumtendea haki mjomba. Miaka yote hiyo hajawahi kumdai yule mama hata franka moja ya kodi. Kila Desemba hutuma mfuko wa unga wa mahindi, na hauchagui nani ale. Wapo wenye nyumba katika mji huu ambao hawakufanya hata robo yake. Alichotaka ni kitu ambacho wanaume wengi wanakijua: marafiki waliofanikiwa waone kwamba na yeye ana kwao, na kwao pana kitanda. Kuwapeleka hoteli katika mji aliozaliwa aliona ni aibu.

Mpwa hakujua amwambieje yule mama. Alikaa na ujumbe huo kwenye simu juma zima. Alizungumza na mke wake usiku, kwa sauti ya chini, lakini ukuta wa matofali mabichi haufichi siri. Jumatano asubuhi mke wake alikuta magodoro mawili yamekunjwa na kufungwa kwa kamba, nguo ziko ndani ya mifuko, na yule mama anafagia vyumba vilivyo wazi. Safari ilikuwa bado wiki tano. Mama aliuliza swali moja tu, kama mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu anaweza kufungua darasa wakati wa likizo.

Hakulia na hakulalamika. Anayejua kukimbia huwa tayari kabla hajaambiwa. Familia nyingi zinazosoma habari hizi zinaujua huo mzigo uliofungwa kona ya chumba, ambao haufunguliwi wote hata baada ya miaka kumi.

Nkambo aliuona mzigo alipotoka kwenda kuota jua. Akauliza ni wa nani, akaambiwa. Akakaa juu ya kiti chake kifupi, akaomba simu.

Kwa wasiojua: mwaka 1992, majirani wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao, maelfu yao walijaa katika kituo cha gari-moshi cha Likasi. Walilala nje miezi na miezi wakingoja treni, na wengi walifia pale pale. Nkambo wakati ule alikuwa na watoto wadogo. Alikuwa akipeleka bukari kituoni kwa rafiki yake wa sokoni mpaka siku alipomkosa. Hapendi kuzungumza habari hiyo, na siku hiyo pia hakuizungumza. Alimwambia mwanawe maneno machache, kwa Kiswahili chake cha Kikula:

"Bageni beko na feza ya oteli. Aba habana. Bale batoto batalala wapi?"

Kimya. Mjomba akasema ni siku mbili tu, mama.

"Siku mbili ya nani?"

Hapo simu ilikatika, au ilikatwa. Watu wa nyumba hawakubaliani.

Siku tatu hapakuwa na ujumbe. Mpwa alidhani safari imekufa, na pamoja nayo malipo ya gari ya siku nne ambayo alikuwa ameshayapangia kazi, kwa sababu matairi mawili ya mbele yamekwisha. Hilo nalo lisemwe, maana watu hupenda kusimulia kana kwamba mwenye huruma hana hasara. Mke wake alimwambia waziwazi kwamba kama mjomba akikasirika, watakaolala nje si wa Mitwaba peke yao.

Jumapili jioni mjomba alipiga. Hakutaja vyumba. Aliuliza: wakitoka Lubumbashi alfajiri, wanaweza kula Likasi saa sita mchana na kurudi kabla ya giza? Mpwa akafungua daftari. Wanaweza, wakiruka Tshangalele. Mjomba akasema basi waruke, ziwa halihami.

Kisha alijaribu kurekebisha, kwa namna yake. Akasema kijana wa yule mama, mkubwa aliyemaliza shule mwaka jana na hana kazi, aletwe Lubumbashi siku ya Jumamosi ambebee mfuko wa fimbo, atalipwa vizuri. Yule mama aliita mpwa uani na kumuuliza maswali ambayo mjomba hakuyafikiria. Mfuko una uzito gani? Analala wapi Ijumaa? Anarudi na nani? Mpwa aliuliza kwa dereva mwenzake anayefahamiana na wabeba-fimbo wa pale kiwanjani, na jibu likaleta swali jingine. Wale wana zamu yao, wanangoja toka alfajiri, na watoto wao wanakula kwa mfuko huo. Ukija na kijana wako kutoka Likasi, mmoja wao anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kijana mwenyewe alikuwa na shaka nyingine. Alitaka kujua hayo mashimo 18 yana kina gani. Likasi, ukisema shimo, mtu anaona lile ambalo wachimbaji wanashuka kwa kamba na tochi kichwani, na kila nyumba inamjua mmoja ambaye hakupanda tena. Mpwa alimuuliza mjomba kwa simu, na mjomba akacheka mpaka akakohoa: upana sentimita kumi na kidogo, kina karibu hivyo hivyo, linaingia kikombe. Kijana hakucheka. Akauliza kwa nini basi watu wanne wanahitaji siku nzima kuliona.

Mwishoni walikubaliana hivi. Mfuko wa mjomba utabebwa na mwenye zamu. Kijana atakwenda na gari Ijumaa, kama msaidizi wa dereva, kwa malipo ya msaidizi wa dereva, na atalala kwa dada wa mke wa mpwa huko Lubumbashi. Mama yake alitaka namba ya simu ya huyo dada, na akaipiga kwanza.

Chakula cha Jumapili kitapikwa na yule mama. Ndivyo Nkambo alivyopanga, na alisisitiza alipwe kabla ya kwenda sokoni, pesa ya vitu mbali na pesa ya mikono. Ni bukari, sombe, samaki wa Tshangalele (ili wageni waseme wameonja ziwa kama hawakuliona), kuku wanne, na munkoyo wa kutosha. Mjomba alituma pesa kwa simu siku ya tatu baadaye, na nyongeza ndogo aliyoandika "ya rangi". Rangi itapakwa. Nkambo amesema ianze vyumba vya nyuma, na wenyewe wakiwa ndani.

Magodoro yamefunguliwa. Mfuko mmoja wa nguo bado uko nyuma ya mlango, na hakuna aliyemwambia mama auondoe.

Viti vinane vitaazimwa kanisani baada ya ibada ya kwanza. Matairi ya mbele yamenunuliwa, ya mtumba lakini mazuri. Gari litaondoka Kikula Ijumaa saa kumi alfajiri.