Pesa za Likizo

Tamaa mbele, mauti nyuma, walinena wahenga. Lakini mamangu hakuwa na tamaa. Alitaka tu kuiona bahari.

Alipigiwa simu akaambiwa ameshinda likizo ya siku tatu Mombasa, afike hoteli moja jijini Nairobi kuchukua zawadi. Huko alikalishwa saa nne nzima, soda juu ya soda, hadi akatia sahihi mkataba wa kununua wiki moja ya likizo kila mwaka. Akalipa shilingi 20,000 za chama kwa M-Pesa. Na ile zawadi? Nauli na chakula ni juu yako!

"Mama, umeuziwa mbuzi kwenye gunia," nilimwambia. Alinyamaza, nikajuta kusema.

Mwalimu wa Biashara alinionyesha Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Mkataba wa aina hii waweza kuufuta bila kutoa sababu, hadi siku kumi baada ya kupokea nakala yake. Sita zilikuwa zimeyoyoma! Tukaandika barua, tukaipeleka wenyewe na kudai nakala yetu ipigwe muhuri.

"Pesa hairudi, mama. Kwani hukusoma?" karani akafoka.

"Tumesoma, ndiyo maana tumekuja," nikajibu kwa adabu, moyo ukinidunda. Nikamtajia Mahakama ya Madai Madogo. Akaingia ndani, akarudi na muhuri.

Wiki tatu baadaye simu ya Mama ililia tukipika. Alizihesabu sufuri mara mbili, kisha akaniuliza, "Basi la Mombasa ni pesa ngapi?"